Kundi la Hewa Safi

Mume wangu hanuki wala hanukii. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotaka kuniharibia ndoa kabla haijaanza, na nikianza na kingine utanikatiza uulize, nami sipendi kukatizwa.

Si kwamba haogi. Anaoga kuliko bata. Ila kazini kwao ni marufuku kunukia. Yuko kwenye maabara ya sumu, ile yenye geti la kijani nyuma ya ghala la nafaka, katika chumba wanachokiita chumba cha hewa. Kazi yenyewe ni hii. Kuna gesi zinazopulizwa maghalani kuua wadudu wa nafaka. Wadudu wafe, sawa, hakuna atakayewawekea matanga. Lakini mchukuzi anayeingia kesho yake kubeba magunia naye ana mapafu. Lazima ijulikane gesi ikiwa kiasi gani inaanza kuumiza, ili onyo la mlangoni liwe la kweli, si la kubahatisha. Basi kabla ya mapafu ya mchukuzi wanatanguliza ya panya, wale wadogo weupe wenye macho mekundu. Kila mmoja anaingizwa kwenye neli ya kioo, mwili ndani, kichwa kimechungulia kwenye sanduku la hewa, na mashine inachora pumzi zake kwenye skrini, juu chini, juu chini. Hewa ikiwa kali panya anabana pumzi, na ile michoro inaanza kuachana. Daktari anaangalia ni kiasi gani cha gesi kimezipunguza pumzi zikabaki nusu, na hesabu yake inaanzia hapo.

Pembeni kuna kundi jingine ambalo halipewi gesi kabisa. Hao wanapumua hewa iliyochujwa, na kazi yao ni kuwa wazima tu. Huwezi kusema huyu kadhurika kama huna wa kumlinganisha naye ambaye hakudhurika. Wanaitwa kundi la hewa safi. Kumbuka jina hilo, maana nusura wanikoseshe mume.

Wengine wanakufa, sikufichi. Siku za majaribio makali mume wangu akirudi ananawa mikono muda mrefu, na hasemi neno mpaka amalize chai. Nilimuuliza wakati ule tunachumbiana kwa nini haachi. Akasema, "Nikiacha atakuja mwingine atakayewashika vibaya." Yeye anawashika kwa kitambaa laini, kila panya na chake, anamfunga kama mtoto mchanga kabla ya kumwingiza kwenye neli. Kitambaa kinabaki kimemzunguka shingoni kuziba mwanya, na moyo wa panya unatulia. Vitambaa hivyo anavikata mwenyewe kutoka kwenye mashuka yaliyochakaa. Mtaani wanamwita Bwana Hewa, naye anaitika bila kinyongo.

Sasa njoo upande wangu. Mimi ni binti wa Mama Manukato. Duka letu liko mbele, nyumba nyuma, na kati yake kuna pazia tu, kwa hiyo hata mito yetu ya kulalia inanukia waridi. Mama anachanganya manukato mwenyewe kwenye meza ya jikoni. Anayojivunia kuliko yote anayaita Usiniache. Mama hampimi mtu kwa ukoo wala kwa mfuko, anampima kwa pua. Mtu akitoka dukani mama atasema, huyu ananuka uvivu, au, yule ananuka mke wa pili. Na mara nyingi, nakiri, alikuwa anapatia.

Siku ya kwanza Bwana Hewa alikuja kuulizia sabuni isiyo na harufu.

"Sabuni isiyonukia," mama akarudia, kama mtu aliyeombwa chumvi isiyokolea. "Kijana, hiyo si sabuni. Hilo ni jiwe la kufulia."

Nikaingia stoo nikamtafutia mche mmoja uliosahaulika huko, rangi yake ya kijivu, sura yake ya huzuni. Akashukuru kwa sauti ndogo, akaupokea kwa mikono miwili. Akarudi ulipoisha. Halafu sabuni ikaanza kuisha haraka haraka, jamani, hakuna binadamu mchafu kiasi kile. Nikajua huyu hajafuata sabuni.

Nilimpenda, sina sababu ya kuzungukazunguka. Nilipenda anavyoongea taratibu, kwa vile panya wanashtuka. Nilipenda anavyoguna wimbo mdogo kabla ya kuingia chumba chochote, kwa sababu ileile, hata chumba kikiwa hakina panya. Mama alikuwa akisikia ile sauti mlangoni anauliza, "Nani huyo ananguruma nje kama jokofu?"

Siku moja tumekaa kwenye benchi nje ya kibanda cha fundi viatu, akaniambia siri yake. Hasikii harufu. Hata chembe.

"Pua yako ilienda wapi?" nikamuuliza.

"Iliondoka nikiwa mdogo, nikiwa na homa. Haikuaga."

Kazini wanajua na hawajali. Kule pua haziaminiwi, maana gesi nyingine ukishaisikia imeshakufikia. Wana kipimo ukutani chenye king'ora, hicho ndicho pua yao. Mimi nikawaza upande wa faida. Mume asiyesikia harufu hatalalamika chakula kikiungua. Nikamwambia aje nyumbani azungumze na mama.

Akaja mchana wa Jumamosi, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Alikuja na furushi la mashuka, kwa sababu nilimwambia nitampindia vitambaa vyake kwa cherehani yetu. Alipoguna mlangoni mama akasema, "Jokofu limefika."

Tukamkaribisha, akanywa chai. Mama akamtazama muda mrefu, pua ikimtetemeka, akitafuta chochote cha kushika. Hakupata kitu. Nadhani hicho ndicho kilichomkasirisha. Akainuka, akarudi na vichupa viwili vinavyofanana, havina karatasi wala alama.

"Kwetu hapa, kijana, mkwe lazima ajue anaingia nyumba gani. Kimoja hapa ni asumini yangu. Kingine ni siki ya kusafishia chupa. Nusa hiki."

Akakifungua cha kwanza. Mimi niliyekuwa nimesimama karibu na mlango nilikunja uso palepale. Siki, tena kali. Bwana Hewa akavuta pumzi kwa heshima zote.

"Nzuri, mama."

Nikafumba macho nikingoja radi. Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Enhe. Hiyo ndiyo asumini. Na hiki?"

Cha pili kilikuwa asumini, nikaisikia toka nilipo. Bwana Hewa akanusa. "Nzuri sana hii," akasema. "Kama ua."

Mama akapiga meza kwa kiganja hadi vijiko vikaruka. "Siki. Anasema siki kama ua. Ua gani hilo, la kaburini?"

"Mama, hiyo ni asumini," nikasema.

"Usimtetee."

"Basi nusa mwenyewe."

Akakiinua kichupa puani. Akavuta, akavuta tena. Akanitazama mimi, akamtazama yeye, akarudi kunitazama. "Siki," akasema.

Nilihisi damu inachemka. Mama yangu mzazi, mchana kweupe, anageuza asumini kuwa siki ili aninyime mume. Nilifungua mdomo nimjibu vibaya, na ningejibu, ila Bwana Hewa alitangulia kwa ile sauti yake ya chini.

"Mama ana haki. Mimi sisikii harufu. Sikutaka kukudanganya, nilikuwa natafuta namna ya kusema."

Lo, hapo mama akawa amepewa rungu mkononi. "Sikieni jamani. Nyumba itaungua, huyu amekaa tu. Maziwa yatachacha, atayasifia. Mtoto wao atajisaidia, baba atasema nzuri sana, kama ua. Hapana. Mwanangu simtoi kwa mtu ambaye hata akioza hatajijua."

Hapana ya mama ilikuwa hapana. Baba alishatangulia, hatuna mkubwa mwingine wa kumkatia rufaa, na mimi sikutaka kuolewa kwa kutorokea dirishani. Nilimtaka mwanamume huyu na nilimtaka mama yangu, wote wawili, wamekaa chumba kimoja bila kupiga meza. Nilipiga cherehani ile jioni nikilia, vitambaa vikatoka mishono imepinda, nikavifunga kwenye mfuko wa plastiki nikatoka uani kuchota maji. Jumatatu asubuhi nikampelekea mfuko wake kwenye benchi. Tukaagana kama watu waliofiwa.

Katikati ya wiki akaniita tena palepale. Fundi viatu, ambaye alishazoea kutusikiliza, akapunguza kugonga.

"Nimeharibikiwa," Bwana Hewa akasema.

"Panya wamekufa?"

"Hawajafa. Wanabana pumzi kabla hatujafungua gesi. Wote. Mpaka kundi la hewa safi."

Akanieleza walivyohangaika. Daktari wao, mama mmoja wa miwani mikubwa, alidhani gesi inavuja. King'ora hakikulia, lakini alitoa watu wote nje, akafungua mabomba, akatambaa sakafuni akipaka povu la sabuni kila kiungo aone kama kuna pumzi inayotoka. Hakuona kitu. Wakabadilisha vichujio, wakaosha masanduku, wakaleta panya wapya. Panya wapya wakaletwa, wakafungwa vitambaa, wakabana pumzi. Sasa wakubwa wanasema pengine yeye ndiye anayechanganya makundi. Mambo yakiendelea hivyo hadi Ijumaa chumba kinafungwa, naye anakwenda kufagia ua, kama watambakiza.

"Na mama yako akisikia sina pua na sina kazi," akasema, "hata kunitukana hatanitukana tena. Ataona napoteza muda wake."

Alikuwa anatokwa na jasho. Akatoa kitambaa kimoja mfukoni akajifuta uso. Nikapiga chafya. Akajipepea nacho, nikapiga nyingine. Kwenye ile ya tatu fundi viatu naye akanipokea.

"Lete hicho," nikasema, machozi yakinitoka.

Usiniache. Kitambaa kilikuwa kimelowa Usiniache, kimekauka nayo, kimeshonana nayo. Wale kule chumbani wanavaa barakoa zenye vichujio kuanzia mlangoni, hakuna pua iliyo wazi. Aliyekibeba mfukoni hana pua. Daktari anatambaa sakafuni akitafuta bomba linalovuja, kumbe wahenga walishamwambia, kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaenda dukani nikiwa nimewaka.

"Ndiyo, nilivipulizia," mama akasema, wala hakuacha kupanga chupa. "Ulipokuwa uani. Hata anayefukuzwa nyumbani kwangu anaondoka akinukia. Nina jina la kulinda."

"Mama, panya wanashindwa kupumua."

Akageuka taratibu. "Panya gani?"

"Wa kazini kwake. Manukato yako yanawabana pumzi. Watamfukuza."

Nilitegemea aseme masikini, au aone haya kidogo. Badala yake akavua aproni. "Miaka yote nauza Usiniache. Watu wameoana kwa Usiniache. Leo panya ndio waje kunihukumu?" Akaingia ndani, akatoka amevaa gauni lake la kwenda nalo harusini, mkononi chupa kubwa. "Twende. Wanipimie mbele yangu. Na wakishindwa kuthibitisha wataniomba radhi, panya wenyewe wakiwepo."

Nikamfuata, nifanyeje. Getini mlinzi alitaka kutuuliza tunamtafuta nani, ila alipiga chafya mfululizo akafungua geti kwa mkono wa upofu.

Nilidhani tutafukuzwa. Kumbe yule Daktari, nilipomweleza habari ya vitambaa, alimtazama mama kama mtu aliyeletewa miwani yake iliyopotea. "Mama," akasema, "wewe ndiye bomba nililokuwa nalitafuta."

"Mimi si bomba. Mimi ni mfanyabiashara."

Wakatuvalisha maovaroli na barakoa. Mama akavaa ovaroli juu ya gauni la harusi, akawa amejaa kila upande. Bwana Hewa alikuwepo, alimsalimia mama kwa kuinama akaendelea na kazi. Kwanza akawafunga panya kwa vitambaa vipya visivyo na kitu. Michoro ikatembea kwenye skrini vizuri, kama mshono wa cherehani iliyotiwa mafuta. Wakakaa hivyo mpaka mama akaanza kupiga miayo.

Kisha Daktari akadondosha tone la Usiniache kwenye kipande cha pamba, akakiweka mahali hewa inapoingilia.

Michoro ikaachana.

"Wanafurahia," mama akasema haraka. "Hata mimi nikipata kitu kizuri najizuia kupumua hivyo hivyo, ili kisitoke."

"Mama, zimeshafika nusu," Daktari akasema.

"Nusu ya nini?"

"Ya pumzi zao."

Bwana Hewa alikuwa ameshaondoa pamba na kuanza kuwatoa mmoja mmoja. Akawaweka kwenye kizimba cha hewa safi, akawa anawasugua mgongo kwa kidole kimoja. Walijifuta nyuso kwa vile vimikono vyao, wakapiga chafya ndogo ndogo ambazo hata hazisikiki, halafu wakaanza kuzunguka. Mama aliwatazama. Nadhani hakuwahi kumwona mteja akipiga chafya kwa Usiniache kutoka karibu vile, na hawa hawakuwa na vumbi la barabara la kusingizia. Maana siku hizo, kweli, wateja wetu walikuwa wanaingia, wanapiga chafya, wanatoka, na mama anasema ni vumbi. Mimi nilikuwa na mapenzi kichwani, sikufuatilia.

"Kwa ukali tu," Daktari akasema, akiangalia skrini kwa furaha isiyo na adabu, "hii inaipita ile gesi ya ghalani."

Mama akanyanyua kidevu. "Inaipita?"

"Mbali sana."

Akanigeukia. "Umesikia? Inaipita."

"Mama, hiyo si sifa."

Tukatoka koridoni, tukavua barakoa. Daktari akaichukua ile chupa, akaifungua, akarudi nyuma hatua nzima, miwani ikaingia ukungu. Akaifunga. Alipoweza kuongea akauliza, "Mama, kwenye kuchanganya unatia kiasi gani?"

"Natia mpaka niisikie."

"Mpaka uisikie."

"Ndiyo. Siku hizi wanatuuzia viungo vibovu, havina nguvu. Zamani tone moja nilikuwa nalisikia kutoka uani. Sasa inabidi niongeze. Naongeza, naongeza, mpaka..." Akanyamaza.

Nikaviona tena kichwani vile vichupa viwili vya Jumamosi mezani. Nikamwona mama anavuta pumzi, anavuta tena, anatutazama usoni mmoja baada ya mwingine. Hakuwa amenidanganya siku ile. Mama yangu, aliyekuwa akimjua mtu kwa pua kabla hajavuka kizingiti, hakujua siki ni ipi. Hasira niliyokuwa nimemwekea siku zote zile sikujua niipeleke wapi.

Daktari naye akawa ameshang'amua. Watu wa vipimo hawana breki. "Mama," akaanza, "hivi wewe mwenyewe unasikia..."

"Daktari," Bwana Hewa akamkatiza. Sikuwahi kumsikia akimkatiza mtu. "Korido hii imejaa dawa ya kusafishia sakafu. Hapa pua ya mtu yeyote inachanganyikiwa. Hata mimi hapa sisikii kitu."

Daktari akamtazama. Anajua vizuri kwamba huyu hasikii kitu hapa, wala nje, wala popote duniani. Akavua miwani, akaifuta polepole.

"Ni kweli," akasema. "Korido hii ni mbaya sana."

Mama alimtazama Bwana Hewa, halafu akatazama chini kwenye viatu vyake, halafu akamtazama tena. Njia nzima kurudi nyumbani hakumnusa mtu hata mmoja.

Kazi ya Bwana Hewa ilinusurika. Walifua kila kilichofulika, wakarudia jaribio, kundi la hewa safi likapumua kama linavyotakiwa. Jumapili mama akaniambia nimwite. Sikuuliza wa nini, niliogopa. Alipoguna mlangoni mama akasema, "Pita," hakutaja jokofu. Mimi nikatumwa dukani kukaa na wateja. Nikakaa nyuma ya pazia, kama ambavyo ungekaa wewe.

Vikombe viligongana. Kisha sauti ya mama, ndogo, nusura nisiitambue.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya vichupa, mama."

"Ulijuaje?"

"Mwenye pua akinusa anafumba macho. Sisi wengine tunatazama nyuso za watu, tuone tujibu nini. Wewe ulitutazama."

Chai ikamiminwa.

"Ungenijibu pale pale. Nilikuwa nimekudhalilisha mbele ya mwanangu. Ungesema, mama, mbona na wewe ni hivyo hivyo."

"Nilikuja kuomba, mama. Sikuja kushinda."

Mama akapenga kamasi kwa kelele, maana hata akilia ni mtu wa kelele. Ilianza kidogo kidogo, akamwambia, baada ya mafua fulani mabaya. Waridi likaondoka kwanza, halafu karafuu. Alingoja zirudi. Duka ni lake, jina ni lake, angemwambia nani. Nilisimama nyuma ya pazia nimeziba mdomo kwa mkono, nikiona aibu kwamba mtu wa kwanza kuambiwa si mimi.

"Sasa," akasema, akijikaza, "siki ilikuwa ipi?"

"Mimi sijui, mama. Si wewe uliyevijaza?"

"Sijui hata mimi."

Sikumbuki nani alianza kucheka. Yeye alicheka kwa ile sauti yake ya chini, mama akacheka hadi akakohoa, nami nikaona nimejificha vya kutosha kwani pazia lilikuwa linatikisika.

"Njoo wewe mwenye pua," mama akaita. "Najua uko hapo. Si kwa harufu, miguu inaonekana."

Nikaingia. Akaniketisha katikati yao. "Nilisema mwanangu simtoi kwa mtu asiyesikia harufu. Nimefikiri. Nyumba ikiwa na wawili wasiosikia, lazima awepo mmoja anayesikia. Kwa hiyo simtoi. Wewe ndiye utakayeingia hapa, na vitambaa vyako. Chumba cha uani ni kikavu." Akamtazama. "Na uendelee kuguna mlangoni. Nimeshazoea."

Basi hivyo ndivyo ninavyoishi. Kila asubuhi naletewa sufuria mbili za maziwa, moja na mama, moja na mume, ninuse nitoe hukumu. Manukato sasa yanachanganywa kwa matone. Bwana Hewa ndiye anayepima, kwa dropa aliyonunua mwenyewe, mkono hautikisiki, na mama amesimama juu yake akisema ongeza, naye anasema inatosha mama. Wateja wamerudi. Hawapigi chafya, na mama analalamika kwamba hawaheshimu tena bidhaa.

Siku ya harusi yetu, kabla sijatoka chumbani, mama aliingia na chupa. Bibi arusi wa nyumba yetu hatoki bila Usiniache, hilo lilikuwa halina mjadala. Akanipulizia shingoni, akanipulizia mabegani, akanipulizia nyuma ya masikio. Sikuthubutu kumwambia aache, macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Mlangoni mtu akaguna. Bwana Hewa akaingia na suti yake isiyonukia, akasimama, akanitazama usoni. Hakutazama gauni. Aliniangalia pua inavyokunjana na macho yanavyoanza kulengalenga.

"Inatosha, mama," akasema.

Mama akashusha chupa palepale.